Vitabu 140 havikurudi: tunafunguaje tena maktaba ya mtaa Buswelu?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Buswelu, Ilemela, jijini Mwanza. Mwaka juzi tulifungua maktaba ya watoto kwenye chumba cha ofisi ya serikali ya mtaa, mita 4 kwa 5. Tuliazimisha vitabu kama 200, na 140 havikurudi. Kijana aliyekuwa anatusaidia akaondoka, chumba kikafungwa. Vilivyobaki, pamoja na magunia matatu ya msaada, bado vimo humo na vingine vimeota ukungu. Sasa wazazi wanataka tufungue tena. Nimeshauriwa tutoze amana ya fedha kabla ya kuazimisha, na tuombe kontena la vitabu kutoka nje. Naomba utaratibu wa rafu, upangaji, uazimishaji na namna ya kuzuia wizi.

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Nianze na neno la mwisho la swali lako, wizi, maana ukilikubali hilo, kila utakachojenga juu yake kitapinda. Mtoto wa darasa la nne haibi kitabu cha hadithi. Anakiazima Jumanne, Jumanne inayofuata anakileta, anakuta kufuli. Alhamisi anakuja tena, kufuli. Kitabu kinawekwa juu ya kabati, mdogo wake anakishusha na kuchana kurasa mbili, na sasa mwenye kukiazima anaogopa kukirudisha hata mlango ukiwa wazi. Baada ya mwezi kitabu kimekuwa cha nyumba ile. Kama daftari lenu la zamani bado lipo, angalia ni vitabu vingapi vilitoka katika miezi miwili ya mwisho kabla kijana hajaondoka. Sitashangaa ukikuta sehemu kubwa ya hivyo 140 imo humo. Vilikosa pa kurudi.

Ndiyo maana amana naikataa. Anayeweza kuacha fedha mezani kwenu ni yule ambaye kwao vitabu tayari vipo, na uliyemkusudia atageukia mlangoni. Halafu amana inakuzalia kazi ya pili: kushika fedha za watu, kuandika risiti, kurudisha, na siku moja kusimama kwenye mkutano wa mtaa kueleza zimekwenda wapi. Kamati ya watu watano haihitaji ugomvi huo.

Kabla ya rafu, tazama ukuta. Sehemu nyingi za Ilemela na Nyamagana nyumba zimekaa kwenye miteremko ya mawe. Fundi anachimba kilima, ukuta wa nyuma unaegemea udongo, na mvua ikinyesha maji yanayoteremka juu ya mwamba yanaingia kwenye udongo ule na kupenya tofali. Dalili yake ni rangi inayobanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na unga mweupe kama magadi unaotoka kwenye plasta. Kipimo chake ni rahisi. Kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani sentimita 30 juu ya sakafu kwa selotepu pana pande zote nne, pasibaki upenyo, uiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani, ukuta ni mzima na tatizo lenu ni hewa isiyozunguka, yaani chumba kilichofungwa miezi.

Kama ni hewa, dawa ni kufungua madirisha mara kwa mara na kuacha nafasi nyuma ya rafu. Kama ni ukuta, dawa iko nje: mfereji nyuma ya jengo, kina chake kishuke chini ya usawa wa sakafu ya ndani, ujazwe kokoto na uelekezwe mteremkoni. Kupaka rangi ya mafuta ndani ni kujidanganya, kwa sababu maji yanabaki ndani ya tofali na masika yakija plasta inavimba na kudondoka. Mpaka mfereji uchimbwe, ukuta huo usiegemezwe rafu. Wekeni mikeka na mabenchi upande huo.

Kuna na jua. Mwanza ipo karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu wima juu ya paa, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini hazichomwi sana. Dirisha la magharibi ndilo baya, na linaanza kuchoma saa tisa alasiri, wakati ule ule watoto wametoka shule. Jalada jekundu linalopigwa na jua la namna hiyo linageuka la pinki kabla ya mwaka kwisha, na gundi ya mgongo inakauka na kukatika. Pazia la kitambaa kizito linatosha.

Sasa magunia. Yamwage kwenye turubai, nje, kivulini penye upepo, na ufanye mafungu manne: cha kuweka, cha kutengeneza, cha kuuliza, cha kuondoa. Usiogope fungu la nne likiwa kubwa kuliko mengine. Magunia ya msaada huwa na miongozo ya programu za kompyuta ambazo hakuna anayezitumia tena, vitabu vya sheria za nchi nyingine, ensaiklopidia ambazo ramani zake zina nchi zilizokwisha kufutika. Kila kimoja kinachobaki kwenye rafu kinamficha kile ambacho mtoto angekipenda. Rafu yenye vitabu 300 vinavyosomwa inaonekana hai, na rafu yenye 900 ambavyo 600 ni mzigo inaonekana stoo.

Vitabu vya kiada viende fungu la kuuliza. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 na unaingia kwa awamu, kwa hiyo cha zamani kinaweza kuwa bado kinatumika darasa moja na kimekufa darasa jingine. Nenda shule ya msingi na sekondari ya jirani na orodha mkononi, uulize darasa kwa darasa. Na kwa vile vipya, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao. Simu moja ya kamati yenye kioo kikubwa inaweza kumsaidia mtoto kusoma sura anayoihitaji wakati mnatafuta nakala ya karatasi.

Vyenye ukungu viwekwe mbali na vingine leo hii, kabla hata ya kuvichambua, maana vumbi la ukungu linahama. Ukungu mbichi, unaopakaa kidole, haufutwi. Ukiufuta unausugua uingie ndani ya karatasi. Kwanza kausha: simamisha kitabu wima, kurasa zimefunguka kama feni, kwenye upepo na kivulini, siku mbili au tatu. Ukigeuka unga mkavu, vaa barakoa, toka nje, elekea upepo unakokwenda, piga kwa brashi laini ya rangi. Watoto wasifanye kazi hii, hasa wenye pumu. Kitabu cha karatasi zinazong'aa kilicholowa na kukauka kikiwa kimefungwa kurasa zake zimeshikana kama tofali. Hicho kiondoe tu, hata kiwe kizuri namna gani.

Vilivyotobolewa na wadudu vina dawa ambayo mji wa samaki unayo karibu kila mtaa: friza. Funga vitabu vikavu kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga mfuko wa pili juu yake, uviweke kwenye friza ya muuza samaki anayekuelewa, wiki mbili. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri inaua mdudu na mayai yake, ilimradi kisiwe kitabu kinene kilichobanwa katikati ya rundo la sato. Ukivitoa usifungue mifuko mpaka siku ya pili, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya karatasi baridi na utakuwa umetibu mdudu ukapanda ukungu. Mfuko wa pili ni kwa ajili ya harufu. Usiupuuze.

Rafu ni jambo ambalo watu hulifikiria sana kuliko linavyostahili. Ukibakiwa na vitabu 400 mchanganyiko, vinene na vyembamba, unahitaji kama mita 9 za ubao. Rafu tatu, kila moja upana sentimita 90 na ngazi nne, zinakupa mita 10 na sentimita 80, na nafasi ya kukua kidogo. Mbao ya inchi 1 kwa 10, ya paini, iliyokauka kweli. Iliyo mbichi itajikunja ndani ya miezi miwili. Upana usizidi hizo sentimita 90 bila nguzo katikati, kwa sababu mita moja ya vitabu ina kilo 20 hadi 30 na ubao wa inchi moja ukivutwa hadi mita moja na nusu unapinda katikati kama upinde. Kati ya ngazi na ngazi acha sentimita 30, ya chini kabisa 35 kwa ajili ya vitabu vya picha. Chini inua sentimita 10 kutoka sakafuni, nyuma acha sentimita 5 kutoka ukutani, hewa ipite na mchwa waonekane wakianza kujenga njia yao ya udongo. Rafu nzima itakuwa na kimo karibu mita 1 na nusu, mtoto wa darasa la pili anafika ngazi ya tatu. Juu yake weka skrubu ndefu mbili zilizoshika ukutani. Hili si pambo: mtoto atapanda, na rafu yenye kilo 80 ikimwangukia hakuna kamati itakayosimama tena.

Upangaji. Utaambiwa utumie mfumo wa Dewey kwa sababu ndio maktaba kubwa zinautumia. Ni mfumo mzuri, wa mwaka 1876, lakini ulitungwa Marekani na sisi tumewekwa mwisho wa foleni: fasihi yote ya Kiswahili iko kwenye 896.392. Maana yake nusu ya vitabu vyako, hadithi, tamthilia, mashairi, vitabeba mgongoni namba ndefu inayoanza vile vile, na mtoto hatapata chochote kwa kuisoma. Chumba cha mita 20 za mraba kinataka rangi. Nyekundu kwa hadithi za wanaoanza KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), njano kwa hadithi za darasa la tatu hadi la saba, bluu kwa riwaya na tamthilia za sekondari na watu wazima, kijani kwa kilimo, mifugo na samaki, nyeupe kwa afya na familia, nyeusi kwa kiada na mitihani. Sita zinatosha. Kipande cha karatasi ya rangi, sentimita 2 kwa 3, kibandikwe mgongoni sentimita 3 kutoka chini. Kitabu chembamba kisicho na mgongo kibandikwe kona ya chini kushoto kwenye jalada. Bandika kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa maji kidogo, si selotepu, kwani selotepu inageuka kahawia, inaacha utando na inavuta vumbi.

Kitabu kilichoachia kurasa hakitupwi. Toboa matundu matano kwa sindano nene, milimita 8 kutoka ukingo wa mgongo, ushone kwa uzi wa pamba uliosokotwa. Mwaloni, penye mitumbwi ya wavuvi, watakupa uzi wa nyavu bure. Ule uliosokotwa unafaa, ila uzi mmoja mtelezi kama wa nyavu za timba unakata karatasi kama wembe na fundo lake halishiki.

Kila kitabu kipewe namba ya kudumu kwenye kaunta buku la kwaya 3: namba, tarehe kilipopokelewa, jina, mwandishi, kimetoka wapi, hali yake. Namba hairudiwi hata kitabu kikipotea. Muhuri wa maktaba upigwe mara mbili, nyuma ya ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mmoja wa siri mnaoujua wenyewe, tuseme wa 17, kwa vitabu vyote. Ukurasa wa kwanza ukichanwa, wa 17 unabaki.

Hapa sasa ndipo penye moyo wa kazi, uazimishaji. Bila shaka mwaka juzi mliandika kwa mfululizo: tarehe, jina, kitabu, sahihi, mstari kwa mstari. Daftari la namna hiyo ni zuri siku ya kutoa na ni balaa siku ya kupokea. Kitabu kinarudi, mhudumu anatakiwa atafute mstari wake kati ya mistari 300, watoto kumi na wawili wamesimama mbele yake. Anakipokea, anasema ataandika baadaye. Hataandika. Kwa hiyo hata hivyo 140 vyako, usivihesabu vyote kuwa viko nje mpaka umepitia rafu kwa namba.

Tumia kadi. Kata manila vipande vya sentimita 7 na nusu kwa 12 na nusu, kila kitabu na kadi yake, juu yake namba na jina la kitabu. Bahasha ya kaki ikatwe nusu, ibandikwe ndani ya jalada la nyuma, iwe mfuko wa kadi. Ukurasa unaoukabili mfuko, bandika karatasi ndogo ya tarehe. Mezani weka boksi la viatu lenye vigawio vya manila vilivyoandikwa 1 hadi 31.

Mtoto mwenye namba 37 ya uanachama anakuja na kitabu namba 0214 siku ya tarehe 7. Unachomoa kadi, unaandika 37 na 14, kwa sababu kitarudi tarehe 14. Unaandika 14 kwenye karatasi ya tarehe ndani ya kitabu. Kadi inakwenda kwenye boksi nyuma ya kigawio cha 14, kitabu kinakwenda nyumbani. Wiki inayofuata kinarudi: unafungua nyuma, unaona 14, unaenda kigawio cha 14, unachomoa 0214, unapiga mstari, unairudisha mfukoni, basi. Ni kazi ya sekunde ishirini. Na uzuri wake mkubwa unauona jioni: kadi yoyote iliyobaki nyuma ya kigawio cha tarehe iliyopita ni kitabu kilichochelewa, na namba ya aliyenacho unaisoma hapo hapo bila kuhesabu kitu.

Kinachoharibu mfumo huu ni vitu vitatu. Kwanza, kadi kurudishwa kwenye kitabu kisicho chake, hasa mkiwa na nakala tatu za kitabu kimoja. Mhudumu asome namba ya kadi na namba ya kitabu kwa sauti kabla ya kuiingiza. Pili, kitabu kupelekwa rafuni kabla ya kadi kupatikana. Sheria iwe kwamba kitabu hakiondoki mezani bila kadi yake. Tatu, kuandika jina badala ya namba. Kwenye mtaa mmoja mtakuwa na akina Neema saba.

Muda uwe siku 7 kwa watoto, kitabu kimoja, na siku 14 kwa watu wazima, viwili. Usiweke 10 kwa kudhani unawahurumia. Mkifungua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kitabu cha Jumanne cha siku 7 kinarudi Jumanne, mlango uko wazi. Cha siku 10 kinaangukia Ijumaa, mlango umefungwa, na tumerudi kule kwenye kufuli. Vitabu vyeusi, vya kiada na mitihani iliyopita, visitoke mchana. Vitoke kwa azima ya usiku: vinachukuliwa dakika 15 kabla ya kufunga na kurudi siku inayofuata ya kufungua, na kati ya Agosti na Novemba, darasa la saba na kidato cha nne wakiwa kwenye mitihani, hata hiyo ifuate orodha ya zamu.

Faini ya fedha, hapana. Aliyechelewa haazimi kingine mpaka cha kwanza kirudi, lakini anaruhusiwa kuingia na kusoma ndani. Aliyepoteza alete kitabu kingine cha Kiswahili cha kiwango hicho, au asaidie kutengeneza vitabu Jumamosi mbili. Aliyechana asiadhibiwe kabisa. Andikeni hivyo kwenye fomu ya kujiunga anayosaini mzazi, kwa maneno wazi, kwa sababu wazazi wengi wanawakataza watoto kuazima wakihofu watadaiwa wasichojua ni kiasi gani. Fomu iulize jina, darasa, balozi wa eneo na simu ya mlezi. Namba ya kitambulisho cha taifa hamna haja nayo, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kukusanya msichokihitaji, tena cha watoto, ni kujitafutia lawama. Fomu zikae kwenye droo yenye kufuli.

Na muweke mahali pa pili pa kurudishia. Kreti ya plastiki kwenye duka la jirani linalofunguliwa hadi saa mbili usiku, yenye maandishi "Rudisha kitabu hapa", mwenye duka asitakiwe kuandika chochote. Mhudumu anaikusanya kabla ya kufungua. Kama kuna jambo moja tu mtakalolifanya katika yote niliyoandika, naomba liwe hili.

Saa za kufungua ziwe chache mnazoweza kuzitimiza. Mara tatu kwa wiki, saa mbili na nusu kila mara, mwaka mzima, ni bora kuliko kila siku kwa miezi saba. Saa tisa hadi kumi na moja na nusu jioni siku za shule, na siku moja ya mwisho wa wiki. Kabla ya kuchagua Jumamosi hesabuni Wasabato mtaani kwenu. Kama ni wengi, Jumapili alasiri inafaa zaidi.

Wahudumu wawili kila zamu, asiwepo mmoja peke yake na watoto, na funguo ziwe tatu kwa watu watatu. Kijana wenu aliondoka kwa sababu vijana huondoka. Jipangeni kwa hilo. Waliomaliza kidato cha nne Novemba wanakaa nyumbani hadi kidato cha tano kinapoanza Julai: hiyo ni zaidi ya nusu mwaka ya mtu anayejua kusoma, mwenye muda, anayetafuta barua ya utambulisho yenye muhuri. Mpe barua hiyo anapomaliza. Waliomaliza kidato cha sita Mei wanaziba miezi inayofuata, ingawa baadhi wataitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Kila anayeingia afundishwe na anayetoka, kwa wiki mbili wakiwa zamu moja.

Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni mlangoni. Mtoto aliyetoka kula dagaa wa kukaanga anaacha alama ya vidole isiyotoka. Na mkifungua hadi giza, jueni wadudu wa ziwani wanafuata taa. Jioni moja dirisha likiwa wazi wanajaa mezani na kubanwa kati ya kurasa. Wavu wa mbu madirishani, au zimeni taa mapema.

Watu wazima msiwasubiri wavue viatu waje kukaa kwenye mikeka. Gazeti la siku, hata la jana, libandikwe kwenye ubao nje ukutani, usawa wa macho, na ubao wa drafti chini yake. Kijiwe cha bodaboda kitahamia hapo, na siku moja mmoja ataulizia kitabu cha kuku au cha ufugaji wa samaki kwa vizimba. Mkitaka kwenda mbali zaidi, kreti ya vitabu 30 vya bluu na kijani inaweza kupelekwa mwaloni Igombe. Nendeni siku za mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza ili taa zao zivute samaki, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inalala na watu wana muda.

Kontena liacheni. Hamchagui kilichomo, mtalipia usafirishaji na kulitoa bandarini, na litawaletea tena magunia yale yale, mara mia. Aliye tayari kuchangia gharama hizo mpeni orodha ya vitabu 60 vya Kiswahili anunue hapa hapa mjini. Mkutubi wa maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ndiye wa kumwendea kwa ushauri wa orodha na mafunzo ya siku moja kwa wahudumu. Mpelekeeni barua iliyopitia kwa mtendaji wa mtaa.

Barua ya pili ni ya chumba. Neno la mwenyekiti wa mtaa halitoshi, kwa sababu wenyeviti wanachaguliwa kila miaka mitano, mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024, na ajaye anaweza kukitaka chumba kwa kazi nyingine. Ombeni jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa, lipitishwe, na kamati ibaki na nakala ya muhtasari yenye muhuri.

Fungueni wiki ya nne baada ya shule kufunguliwa Januari, si wakati wa mitihani. Wiki tatu kabla ya hapo tangazeni msamaha wa vitabu vya zamani: shuleni wakati wa mstari asubuhi, kanisani, msikitini, kwa mabalozi. Kreti iwe dukani tayari. Pasiwe na daftari mbele yake wala mtu wa kuuliza jina. Vitakavyorudi vimechanika vipokeeni, viandikeni kuwa vimerudi, na aliyevileta aazime kingine siku hiyo hiyo.